Sura ya Sita: Kioo Kisichobadili Rangi

Jua lilikuwa halijapanda vizuri juu ya Mangobo, mojawapo ya komini za mji wa Kisangani, lakini baba wa watoto waliokufa walikuwa wameshafika mbele ya kasho, mahabusu ya polisi, wakiwa na matairi yao makuukuu. Hawakupiga kelele. Waliyalaza matairi kando ya ukuta, wakayakalia, wakangoja. Inspekta Ramla Kasongo aliwatazama kupitia dirisha la ofisi, na kile kimya chao ndicho kilichomtia hofu. Watu wanaopiga kelele huchoka. Hawa walikuwa wamekuja na dumu la petroli, wameliweka kivulini, na kila aliyepita karibu alilisogelea kidogo kama mtu anayehakiki kwamba bado lipo.

Mtu waliyemngojea alikuwa ndani ya kasho, jicho moja limevimba na kufumba. Jina lake Isaïe Muhindo, mpimaji wa damu katika Kliniki Asubuhi Njema, kliniki ndogo ya uzazi. Watoto wachanga wanne waliozaliwa hapo walikuwa wamekufa, mmoja baada ya mwingine, kwa ule ugonjwa wa manjano ambao watu wa Kisangani huuita jaunisse. Ini la mtoto mchanga likichelewa kuamka, manjano hujaa katika damu, na yakizidi hupanda ubongoni. Yakiwahiwa, mtoto hulazwa chini ya taa ya bluu, na hali ikiwa mbaya zaidi hubadilishiwa damu. Lakini daktari hamweki mtoto chini ya taa bila namba, na namba hutoka maabara. Namba za Isaïe kwa watoto wale wanne zilikuwa ndogo. Zilisema: huyu hana neno, arudi kwa mama yake.

Mkurugenzi wa kliniki, Daktari Ambroise Bolamba, alikuwa ametoa maelezo yake kwa sauti ya majonzi. Alisema Isaïe alikuwa mvivu, hapimi, anaandika namba za kichwani. Hakimu aliyaamini. Akaamuru mshtakiwa ahamishiwe gereza kuu mchana huohuo. Kati ya mlango wa kasho na mahali gari litakaposimama palikuwa na uwanja mtupu, na kando ya uwanja huo ndipo walipokaa baba wale. Ramla alikuwa amempigia hakimu simu mara mbili kumwomba asogeze safari. Hakimu alimjibu kwamba kama ana ushahidi alete, na kama hana aache kazi ya haki iendelee.

Ushahidi hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni swali. Katika friji ya maabara alikuta kichupa cha damu ya mtoto wa mwisho, kimefungwa kwa karatasi ya aluminiamu kwa uangalifu mkubwa. Alipomuuliza Isaïe sababu, alimweleza kwamba manjano ya damu huuawa na mwanga, kwa hiyo alikifunga ili siku moja mtu akipime tena. Ramla aliligeuza jibu hilo kichwani. Mtu anayetunga namba hahifadhi kitu kitakachomuumbua.

"Miye sikuandika ya kichwa, madame," Isaïe alikuwa amemwambia, midomo imepasuka. "Mashine ndiyo ilisema. Ule mutoto wa mwisho nilimuona iko jaune mpaka kwa miguu. Nilienda kumuambia docteur. Alinijibu nifuate mashine, eti hakuniajiri kwa ajili ya macho yangu."

Basi asubuhi ile Ramla aliwaacha askari wawili mlangoni, akapanda pikipiki hadi kliniki. Pale alikuwa amekwisha kumwita mtu ambaye huenda angeielewa mashine kuliko yeye: Agathe Losembe, mhadhiri wa fizikia chuo kikuu, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, aliyefundisha habari za mwanga kwa miaka mingi katika darasa lisilo na umeme wa kutegemewa.

Sophie, muuguzi mkuu wa wadi ya wazazi, aliwafungulia maabara. Kilikuwa chumba kidogo chenye joto, kinachonuka dawa na ukungu. Ukutani rangi ilikuwa imevimba kwa unyevu na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Mashine ilikaa mezani, sanduku la kijivu lenye kioo kidogo cha namba.

Agathe aliomba aelezwe kipimo kinavyofanywa, na Sophie akamweleza. Damu huchanganywa na dawa, nayo hugeuka zambarau. Kadiri manjano yalivyo mengi, ndivyo zambarau inavyokolea. Kisha mashine hupitisha mwanga wa kijani katika mchanganyiko huo. Zambarau huumeza mwanga wa kijani, na mashine hupima ni mwanga kiasi gani umevuka upande wa pili. Ukivuka mdogo, manjano ni mengi.

"Na kila asubuhi munaijaribu?" Agathe aliuliza.

Kila asubuhi, Sophie alisema. Isaïe hakukosa hata siku moja. Kulikuwa na maji ya majaribio ambayo kiasi chake kinajulikana, na mashine iliyasoma sawasawa daima. Agathe aliomba kuyaona. Akakigeuza kichupa, akasoma maandishi madogo, akauliza kama hakuna kingine cha kiasi cha juu. Kilikwisha zamani, Sophie alijibu. Kilichobaki ni cha kiasi cha chini tu.

Agathe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema wafanye jambo moja jepesi. Wachukue damu ile iliyofungwa aluminiamu, waipime kama ilivyo. Kisha waipunguze nusu kwa maji ya chumvi, waipime. Kisha nusu ya nusu.

Ramla alisimama nyuma yao, mikono imekunjwa. Simu yake ilitetema mfukoni. Askari aliyemwacha kasho alikuwa ameandika kwamba watu wengine wameongezeka.

Damu nzima, mashine ilisema kumi na mbili, namba ileile iliyomrudisha mtoto nyumbani.

Sophie aliipunguza nusu. Kama mashine ni nzima, ingesema sita. Ilisema kumi na moja.

Sophie alipunguza tena. Robo ya damu, ambayo ilipaswa kutoa tatu, ilitoa saba.

"Saba mara nne," Agathe alisema polepole. "Ishirini na nane. Pengine na zaidi. Ile ndiyo namba ya kweli ya mutoto."

Sophie alikaa kwenye kiti, akaifunika midomo kwa vidole. Yeye ndiye aliyemwambia mama wa mtoto yule aende nyumbani, ampe ziwa, amshukuru Mungu.

Agathe aliomba bisibisi. Alipokuwa akifungua ubavu wa mashine alieleza, na Ramla alimsikiliza kwa makini, kwa kuwa hayo ndiyo angeyarudia mbele ya hakimu. Mashine ile haioni giza, alisema. Zambarau hata ikolee vipi, bado kuna mwanga unaopenya na kufika kwa jicho lake. Ukiipa maji mepesi, mwanga huo wa wizi hauonekani, inasoma vizuri. Ukiipa kitu kizito, inafika kumi na mbili na kugota hapo, kama mtu aliyefika kwenye dari. Ndiyo maana maji ya majaribio ya kila asubuhi hayakumwonya mtu yeyote.

Ndani ya mashine kulikuwa na gurudumu dogo kama sarafu kubwa, na kwenye gurudumu hilo vimepangwa vioo sita vya mviringo, kila kimoja cha kupitisha rangi yake. Agathe aliliweka juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha. Akainama, akaguna.

Pembezoni mwa vioo kadhaa kulikuwa na doa la kijivu lililotambaa kuelekea kati, kama jani linavyoliwa na mdudu kuanzia ukingoni. Alieleza kwamba hivyo si vioo vya rangi. Ni vioo vyeupe vilivyopakwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka nyembamba kuliko unywele mara mamia. Mwanga unaruka kati ya tabaka hizo, mawimbi yanakutana. Rangi moja inapewa nguvu na kupita, nyingine zinauana na kurudishwa zilikotoka. Rangi zile zinazocheza juu ya dimbwi la mvua palipomwagika petroli huzaliwa kwa njia hiyohiyo. Lakini unyevu ni adui wa tabaka hizo. Huingia ukingoni, huzivimbisha, na kioo huanza kupitisha rangi isiyo yake.

"Donc ni unyevu," alisema Agathe. "Mto, mvua, hiki chumba. Hakuna mutu alifanya mubaya."

Ramla alihisi kitu kama faraja, na mara hiyohiyo akakiogopa. Maelezo hayo yangemtoa Isaïe kasho. Je, yangewatosha wale baba? Na je, yalikuwa kweli? Aliliinamia gurudumu. Vioo vitano vilishikiliwa na pete nyeusi zisizo na alama. Pete ya sita ilikuwa na mikwaruzo mipya, inayong'aa, kama imefunguliwa kwa ncha ya kisu.

Alimwuliza Agathe hicho ni cha rangi gani. Cha kijani, alijibiwa. Ndicho hicho kinachopima manjano.

Na mbona hakina doa pembeni, Ramla aliuliza tena, ikiwa vyenzake vimeliwa?

Agathe alilichukua gurudumu, akaliinua dhidi ya mwanga wa dirisha, akaliinamisha taratibu. Ramla aliona kioo chekundu kikigeuka cha machungwa, cha manjano kikielekea kijani. Kila kimoja kilihama rangi kadiri kilivyoinama, na upande mmoja kiling'aa kama kioo cha kujitazamia. Kile cha kijani kilibaki kijani. Kikiinamishwa, kijani. Kikigeuzwa, kijani. Hakikung'aa upande wowote.

"Hiki si chenyewe," Agathe alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hiki ni kioo cha rangi tu, kimekatwa kikaingizwa. Chenyewe kinachagua uzi mumoja wa kijani. Hiki kinafungulia kijani yote mulango, na manjano, na nyekundu ile hatuoni kwa macho. Zambarau haiwezi kumeza hayo yote."

"Kioo cha namna gani?"

Agathe alikikwaruza kwa ukucha, akakiweka mbele ya jicho. Kilikuwa chembamba na safi mno kuwa cha chupa. Cha kamera, alisema mwishowe. Wapiga picha wa zamani, wa picha nyeusi na nyeupe, waliweka kioo kama hicho mbele ya lenzi.

Mtu mmoja tu alifungua mashine za kliniki ile. Sophie alimtaja bila kuulizwa mara ya pili: papa Alphonse, fundi wa komini ya Tshopo, ambaye hapo kale alikuwa na studio ya picha.

Njiani Ramla aliipanga kesi kichwani, na ilipangika vizuri. Fundi anaiba kioo cha thamani, anakiuza kwa kliniki nyingine, anaziba pengo kwa takataka ya studio yake. Alimkuta mzee Alphonse akiwa ameketi kati ya feni zilizofumuliwa na redio bila vifuniko, ukutani nyuma yake picha za maarusi wa zamani, kijivu na nyeupe, macho yamekodolewa. Ramla alilitoa gurudumu mfukoni, akaliweka mezani, akamwambia kwamba watoto wanne wamekufa kwa ajili ya kioo hicho, na kwamba anataka kujua kile cha kwanza amempa nani.

Mzee hakukana. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa kikopo cha plastiki cha filamu na kukimimina katika kiganja cha Ramla. Kilichotoka kilikuwa kioo kidogo kilichooza. Doa la kijivu lilikuwa limekila hadi katikati, na utando wake ukibanduka vipande vipande.

"Mama, miye si mwizi," alisema. "Kilikuwa kimekufa. Mashine ilikataa hata kutoa namba. Docteur alinisihi, aliniambia kingine kitatoka mbali, miezi na miezi. Nikakata filtre yangu ya kamera nikaweka, nikajaribu na maji yao, ikasoma vizuri. Halafu tukajaribu na damu ya mugonjwa moja tuliyejua namba yake, ikasoma kidogo sana. Nikamuambia docteur, hii isipime batoto. Akasema, nimesikia."

"Alisema amesikia?"

"Alisema hivyo. Isaïe hakukuwa. Ilikuwa siku ya dimanche, yeye yuko kanisani."

Ramla alikifunga kioo kilichooza katika leso. Kesi aliyoipanga njiani ilikuwa imeanguka, na ile iliyosimama mahali pake ilikuwa mbaya zaidi. Alimwomba mzee apande naye pikipiki. Alphonse alifunga kibanda bila kuuliza wanakokwenda. Njia nzima Ramla alimsikia nyuma yake akitaja majina ya watakatifu.

Daktari Ambroise aliwapokea ofisini mwake, mtu mrefu mwenye mashati yaliyopigwa pasi daima, uso umepauka kwa kukosa usingizi. Alisikiliza yote. Alipotajiwa kioo cha kamera alionyesha mshangao, na mshangao huo ulikuwa mzuri. Alisema fundi alikuja, akatengeneza, akaondoka. Yeye ni daktari wa wanawake, hajui habari za vioo. Hakuambiwa chochote. Alimgeukia Alphonse, akamwambia kwa upole kwamba umri umempokonya kumbukumbu. Neno la daktari dhidi ya neno la fundi wa feni. Ramla alijua hakimu angelipima vipi.

Simu ilitetema tena. Gari la gereza limekwisha kutoka.

Aliomba udhuru, akatoka barazani. Sophie alikuwa amesimama pale akiegemea nguzo, macho mekundu. Ramla alimwuliza, bila matumaini makubwa, kama daktari aliwahi kusema lolote juu ya mashine tangu ilipotengenezwa. Lolote, hata la mzaha. Sophie alitikisa kichwa. Hakuna, alisema; aliitumia kama kawaida, aliandikisha vipimo kama kawaida. Kisha Ramla akamwona akishtuka kama mtu aliyekanyaga kitu gizani.

Alieleza kwa sauti ya chini. Binti wa daktari alizaa hapohapo kliniki, majuma machache baada ya mashine kutengenezwa. Macho ya mtoto yakageuka manjano kidogo. Daktari mwenyewe alitoa damu, akaiweka kwenye kisanduku cha barafu, akamtuma Sophie kwa pikipiki hadi maabara nyingine, kule Makiso, katikati ya mji. Namba ilitoka kubwa. Mtoto aliwekwa chini ya taa usiku ule, akapona.

"Nilifikiri ni mambo ya familia," Sophie alisema. "Hataki sisi tujue ya binti yake."

"Mashine ya hapa ilikuwa inafanya kazi siku ile?"

"Siku ile tulipima batoto batatu kwayo."

Ramla alirudi ofisini akafunga mlango nyuma yake. Hakukaa.

"Docteur, mjukuu wako anaendeleaje?"

Daktari alisema anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu.

"Damu yake ilipimwa wapi?"

Swali lilikuwa dogo, na jibu lake lingeweza kuwa dogo pia. Lakini Daktari Ambroise alimtazama Ramla, akamtazama Alphonse, akaitazama meza yake, na Ramla aliona mshangao wake mzuri ukimtoka kama maji katika mtungi uliopasuka. Alikaa. Alipoanza kusema, sauti haikuwa ya yule mtu wa majonzi aliyetoa maelezo polisi. Alisema kwamba asingeweza kufunga. Kwamba wanawake walikuja kutoka mbali huko Bengamisa wakiwa wamelala juu ya magunia, na kliniki isiyo na maabara ingenyang'anywa kibali. Kwamba watoto wengi wenye manjano hupona wenyewe. Alikuwa amehesabu kwamba wangepona.

"Ningefunga, bangezalia wapi?"

"Ungemwambia Isaïe asiiamini mashine," Ramla alisema. "Ilikuwa ni maneno hayo tu. Alikuja mwenyewe kukuambia mtoto ni wa manjano hadi miguuni. Na walipokufa, ukamtoa yeye kwa baba zao."

Ramla alimfunga daktari pingu mwenyewe. Alimpa Sophie kazi moja tu: aende redio, asitoke hapo mpaka watangaze kwa Kiswahili na Kilingala kwamba kila mama aliyezalia kliniki ile tangu mashine itengenezwe amlete mtoto wake hospitali, leo, hata kama aliambiwa hana neno.

Gari la gereza lilikuwa limeshafika kasho walipowasili, watatu juu ya pikipiki moja, daktari katikati. Baba wale walikuwa wamesimama, dumu limetoka kivulini. Ramla alishuka na daktari, akapita naye katikati yao mchana kweupe, na ilimchukua pumzi yake yote kuwaeleza mara moja, kwa maneno mafupi, kwamba mtu wa kasho alisema kweli tangu mwanzo. Hawakumwamini. Ndipo mzee Alphonse alipotoa mkono wake, kile kioo cha kijani alichokichomoa kwenye gurudumu kikiwa katikati ya kiganja, akawaambia ni yeye aliyekikata. Mmoja wao, kijana aliyevaa shati la mazishi bado, alikichukua, akakitazama, akakirudisha. Akakaa chini mavumbini. Wengine walimzunguka, na kwa muda ule mfupi waliomtazama yeye, askari walimwingiza daktari ndani.

Ramla alimpigia hakimu simu, ushahidi sasa anao, akapata ruhusa, kisha akamfungulia Isaïe mlango mwenyewe. Alimweleza yote: kioo, dari ya kumi na mbili, mjukuu wa daktari. Alingoja aone furaha, au hasira. Isaïe alisikiliza akiwa ameketi, mgongo ukutani, na Ramla alipomaliza, alimwuliza jambo moja.

"Na bale nilibaandikia kumi na mbili, bakarudi nyumbani?"

Redio inawatangazia, Ramla alisema.

"Baleinière haina redio." Alikuwa amekwisha kusimama, uso umeelekea mtoni kwenye mashua zile za mbao. "Mama Nadia. Alitoka kliniki juzi, mutoto wake alisoma kumi na mbili. Aliniambia anarudi kwao Barumbu, na baleinière ya leo."

Ramla aliendesha pikipiki kama hajapata kuendesha, Isaïe nyuma akishikilia mbavu zake zilizopigwa. Bandarini mashua ile kubwa ya mbao ilikuwa imekwisha kung'oa kamba, imejaa magunia, mbuzi na watu, injini ikikohoa moshi, pua yake ikianza kufuata mkondo wa mto. Ramla alipaza sauti kwa jina la polisi. Nahodha alipunguza mwendo, akalalamika, akaiacha mashua ielee karibu na ukingo. Isaïe hakungoja ubao. Aliingia majini hadi kiunoni.

Nadia alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele, msichana mwenye uso wa mviringo, mtoto amefungwa kwa kitenge kifuani. Alipomwona Isaïe alirudi nyuma. Habari za muuaji wa watoto zilikuwa zimefika mtoni kabla yake. Alimkumbatia mtoto kwa mikono miwili, na mwanamume aliyeketi karibu naye akainua kasia.

Isaïe aliinua mikono yote miwili juu, maji yakimchuruzika.

"Usinipe mutoto, mama," alisema. "Sitamugusa. Mufunue weye mwenyewe. Bonyeza kidole kwa kipaji cha uso, halafu achia haraka, uangalie rangi kabla damu irudi."

Nadia hakusogea. Ramla, akiwa ukingoni, alitaka kusema neno la kiserikali, akalimeza.

"Tafazali, mama. Kwa paji tu."

Msichana alifunua kitenge. Alibonyeza. Akaachia. Ramla hakuweza kuona kitu kutoka pale aliposimama. Aliona tu uso wa mama.

"Sasa kwa kifua," Isaïe alisema. "Sasa kwa tumbo. Sasa mushike mguu, bonyeza unyayo."

Nadia alifanya yote kwa mpangilio, taratibu, kama mtu anayesoma kwa kidole. Alipofika kwenye unyayo alibonyeza mara mbili. Kisha akauinua mguu ule mdogo kuelekea kwa Isaïe, bila kusema neno, ili naye aone.

Isaïe aliitikia kwa kichwa: hata unyayo ulikuwa wa manjano. Alimwuliza kama mtoto ananyonya. Ananyonya kidogo, Nadia alijibu, analala sana. Alimwomba amfinye kisigino. Ramla alijua, kwa sababu Sophie alikuwa amemweleza, ni nini mtu huyo anataka kusikia. Mtoto ambaye manjano yamemfika ubongoni hulia kwa sauti nyembamba ya juu, kama ya ndege. Au halii kabisa.

Nadia alifinya. Injini ya baleinière ilikohoa, ikafunika kila kitu. Nahodha aliizima.

Kwa muda hapakuwa na sauti isipokuwa ya maji yakipiga mbao. Kisha mtoto akalia. Alianza kwa kigugumizi, akavuta pumzi, akalia tena, sauti nzito, ya kukasirika, iliyotoka tumboni.

Isaïe alifumba lile jicho lake moja zima. "Muda uko," alisema. "Lakini ni sasa, mama. Si kesho."

Mwanamume wa kasia aliliteremsha. Nadia alimfunga mtoto upya kifuani, akakaza fundo, akaushika ukingo wa mashua, akaingia majini.